Vichwa Vitatu vya Mbasa

Haya yote ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho, na anayetaka kubisha atafute kwanza pa kukaa. Mzee Kilian ameyaapia mara tatu: kwa rozari ya marehemu mama yake, kwa kiti chake cha kukunja, na kwa kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto. Kidole hicho hana. Kililiwa na mamba pale Lundo, enzi zile alipokuwa mvuvi kijana na ziwa zima likimjua kwa jina. Mamba alikitafuna, akaona kichungu, akafa. Hivyo ndivyo anavyosimulia mwenyewe, na Mbuji nzima imeshaisikia habari hiyo mara nyingi mpaka watoto wanajua mahali pa kucheka.

Kwa mtu anayeapa kwa kidole asichonacho, Mzee Kilian alikuwa mkali mno kwa makosa ya wengine. Tangu astaafu kuendesha mashine ya kumenya kahawa, kazi aliyojifunza mwenyewe kwa kuitazama ikiharibika, hakubakiwa na shughuli ya maana. Kila asubuhi baada ya uji alikifungua kiti chake kando ya ua wa michongoma unaotenga kwake na kwa jirani yake Stephano, akakaa kutazama jinsi watu wasiojua kulea wanavyolea.

Stephano alikuwa Mmatengo wa hapo hapo, mkulima wa kahawa, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko mlima wa pili. Mkewe Eliza alitoka chini ziwani, Lundo, binti wa wavuvi Waanglikana. Alipoolewa aliingia Ukatoliki, lakini ukimya wake hakuubadilisha. Walikuwa na mtoto mmoja, Aurelia, wa miaka kumi, aliyekuwa darasa la nne. Mtoto mmoja tu, Mzee Kilian alisema, na bado wameshindwa wote watatu: mtoto, mume na mke.

Siku Aurelia aliposahau kufunga mbuzi, nao wakaingia kwenye miche ya kahawa, Stephano alikata fimbo, akaitangaza fimbo hiyo urefu wake na unene wake, akawataja babu zake wanne waliopigwa kwa fimbo kama hiyo na mmoja aliyekufa kwa kukosa kupigwa. Hotuba ilichukua muda wa kuivisha maharage. Kisha akamwingiza mtoto ndani. Sauti za fimbo zikasikika, na baada ya kila sauti mtoto analia. Mzee Kilian alisogeza kiti, akachungulia dirishani kwao, akaona mambo: Stephano anapiga gunia la kahawa lililosimama ukutani, na Aurelia amekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia, analia kila fimbo inapotua kama mtu anayeitikia litania. Walipomaliza, baba mtu alimpa kipande cha muwa.

"Ngoma ya Krismasi," Mzee Kilian alimwambia kila aliyepita njiani wiki ile. "Yule siyo baba, ni redio. Ukiizima haina kitu ndani."

Na mama mtu? Afadhali redio. Aurelia alipovunja ndoo mpya kwa kuifanya kiti cha kutelezea mlimani, Eliza hakusema hata neno. Alimpa kikombe cha chai, akamwonyesha mtungi, akarudi kwenye kazi yake. Siku mbili mtoto alijaza mtungi ule kwa kikombe, kwenda na kurudi kisimani, na mama yake alipopishana naye njiani alimsalimia vizuri tu. Mzee Kilian alihesabu safari mpaka akachoka. Huo, aliona, ni ubaridi wa samaki. Mtu amezaliwa majini, damu yake itapata wapi moto wa kulea?

Yeye alilea saba. Hakuwahi kushika fimbo wala kikombe; aliwatazama tu. Jicho lake lilikuwa jicho. Siku moja alimtazama mwanawe Victor kwa hasira, mtoto akainama, jicho likampita, likamkuta kuku juu ya paa, kuku akadondoka amekufa, wakamla. Victor mwenyewe sasa ni mtu mzima yuko Songea na ana mwaka wa tatu hajaja kusalimia, lakini hilo halikuwamo kwenye hadithi.

Basi Aprili hiyo, baada ya Pasaka, mambo yalikuwa hivi. Mke wa Mzee Kilian, Bi Winifrida, alikuwa ameteremka Mbinga mjini kumwangalia binti yao Dorothy aliyejifungua. Mzee akabaki peke yake, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza kusonga ugali, Eliza akawa anampelekea chakula. Kila siku mchana Aurelia alipita kwenye tundu la ua na sahani iliyofunikwa, anapiga goti, "Shikamoo, babu," anaweka chini. Ugali na maharage. Kesho yake maharage na ugali. Mzee alikula, akamlaumu mpishi kwa wapita njia, akarudisha sahani safi.

Jumapili moja jioni akaja bodaboda amefunga kapu nyuma. Kapu lilitoka Lundo kwa Henry, kaka yake Eliza. Ndani mlikuwa na mbasa kumi na wawili waliokaushwa kwa moshi, wale samaki wanene wa ziwani, kila mmoja urefu wa mkono, mafuta yamegandia mgongoni kama asali. Walikuwa wa sherehe. Jumapili iliyofuata Aurelia alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza. Alikuwa amesoma mafundisho miaka miwili, sala zote anazo kichwani, na gauni jeupe lilikuwa limekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kila jioni alilitoa, akalitazama, akalirudisha bila kulivaa, maana mama yake alisema likivaliwa kabla ya siku yake litachoka.

Eliza aliwapanga samaki kwenye uchaga juu ya mafiga, akafunga mlango wa jiko kwa kamba. Harufu haikufungwa. Ilivuka ua ikamkuta Mzee Kilian kwenye kiti chake, na sahani ya maharage mapajani.

Jumatatu, wenye nyumba walipokwenda shamba, mzee alijiambia anakwenda tu kuwaangalia wale samaki kama wamekaushwa inavyotakiwa. Mtu aliyewahi kuvua, haki yake kukagua. Akarudi na mmoja ndani ya koti. Jumanne alikwenda kuhakikisha kama yule wa kwanza hakuwa bora kuliko wenzake kwa bahati tu. Jumatano hakujiambia kitu. Aliwala kwa vidole tisa, akalamba vyote. Vichwa vikambaki. Kichwa cha samaki kinatazama, na yeye hakupenda kutazamwa. Alivitupa vitatu vyote kwenye ngoro ya karibu, pale ukingoni mwa shamba la Stephano, akafunika kwa majani.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la aibu kwa mtu aliyezaliwa milimani. Ngoro ni mashimo ya Wamatengo, yanachimbwa mteremko mzima yakikaa karibu karibu kama matundu ya sega, ili mvua isishuke na udongo. Kinachoingia mle kinakaa mle. Babu zake walichimba mashimo hayo kwa ajili hiyo hiyo, kisitoke kitu. Kutupa ushahidi ndani ya ngoro ni sawa na kuuweka kabatini.

Alhamisi mchana Eliza alipanda kwenye uchaga, akahesabu, akashuka, akahesabu tena. Tisa. Anayetangulia kurudi nyumbani kila siku, kabla ya baba na mama, ni Aurelia anapotoka shule.

Stephano hakuhitaji zaidi ya hapo. Hotuba ilianza ikasikika hadi kwenye barabara ya lami, au ndivyo Mzee Kilian anavyosema. Mtoto alisimama katikati ya uwanja na sare zake za shule, akasema hakula. Baba akasema mwizi wa samaki wa Komunyo yake mwenyewe ni mwizi mbaya kuliko Yuda, maana Yuda aliiba ya wenzake. Mtoto akasema hakula. Ndipo Stephano akageukia ua.

"Mzee, wewe unashinda hapo kutwa. Hukuona mtu anaingia jikoni kwangu?"

Hapa Mzee Kilian alikuwa na nafasi. Angeweza kusema hakuona, likawa dogo. Lakini alikuwa mtu wa kusimulia, na mdomo wake ulishazoea kutangulia bila kumuuliza. Akasema ameona, tena kwa macho haya. Amemwona binti anatoka jikoni, mdomo unang'aa kwa mafuta kama kitasa kipya, akajifuta kwa ukosi wa sare, nzi kumi na tano wakimfuata kwa mstari. Nzi alikuwa amewahesabu.

Aurelia alimgeukia. Alimtazama tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Na sasa utafanyaje?" Mzee Kilian akaongeza, kwa kuwa lile jicho la mtoto lilimkera na alitaka kulisogeza mbali. "Utapiga gunia tena?"

Aibu ikampanda Stephano hadi masikioni. Kumbe kijiji kizima kinajua habari ya gunia. Akamshika mtoto mkono pale pale uwanjani, na fimbo ya mti wa kahawa ikatua kwenye miguu yake, mara moja. Sauti yake haikufanana na ya gunia. Mtoto hakulia, labda kwa sababu hakujua wakati huu aitikie wapi. Alisema, "Sikula, baba." Stephano akatangaza kwa sauti iliyopasuka kwamba asipokiri mbele ya katekista kesho, Jumapili hapandi altareni, na gauni litarudishwa dukani. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye gogo, akawapa watu mgongo.

Eliza aliiokota fimbo ile. Hakuivunja. Aliingia nayo jikoni, akaitia kwenye moto, akasongea ugali. Alipotoka akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Umekula?"

"Sijala, mama."

"Haya."

Basi, hayo tu. Mzee Kilian akacheka puani. Mtoto kaiba, baba kapiga mara moja kama anaua mbu, mama kasema haya. Alitazama Eliza anavyoufungua ule mlango wa jiko na kuufunga, anaishika kamba, anaigeuza geuza. Kisha mwanamke akashuka shambani, akaanza kutembea taratibu kwenye kingo za ngoro, anainama hapa, anainama pale. Anapalilia, mzee aliwaza kwa dharau. Nyumba inaungua, yeye anapalilia. Lakini usiku, kila alipofumba macho kulikuwa na mguu wa mtoto na mstari mmoja juu yake. Akajiambia mstari mmoja si kitu. Akajiambia Komunyo zipo kila mwaka. Mwisho akajisimulia hadithi ya mamba, na hata hiyo haikumchangamsha.

Ijumaa saa kumi akaja Katekista Elias na daftari lake, kama anavyopita kila nyumba yenye mtoto wa Komunyo, kuuliza kama mtoto yuko tayari kwa maungamo ya Jumamosi. Eliza akamtuma Aurelia kwenye ua. Mtoto akapiga goti kama kawaida.

"Shikamoo, babu. Mama anasema uje ule kwetu, na mwalimu wa dini yupo. Wewe ndiye shahidi."

Alikwenda. Angekataaje? Alivaa koti. Lilikuwa bado linanuka moshi, akalivua, akavaa jingine. Mezani kulikuwa na Katekista, Stephano aliyekaa kama mzigo uliosahauliwa na gari, Aurelia kwenye kigoda, na mbasa mmoja aliyepikwa kwa nyanya. Eliza alimgawia kila mtu. Mbele ya mzee akaweka kichwa, kikubwa, na kipande cha mkia.

"Mzee Kilian," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mzee kumsikia akianzisha mazungumzo, "mwalimu hajawahi kusikia habari zako za Lundo."

Loo, alifurahi. Kumbe jambo lenyewe ni dogo, watu wanataka hadithi tu. Akawapa. Alisimulia jinsi alivyomnasa mbasa mkubwa kama ng'ombe, samaki akavuta mtumbwi mpaka upande wa Malawi, askari wa mpakani wakampungia mkono, akazunguka, akamrudisha Lundo akiwa bado amekaa, hajalowa. Akiwa anasimulia alikula mkia. Kichwa akakisukuma kwa kidole hadi ukingoni mwa sahani, kikatazama ukuta.

Aurelia alikuwa anakitazama kichwa kile. Mbele yake yeye, kwenye sahani yake, palikuwa na kipande cha kati ambacho hajakigusa.

"Babu, kichwa huli?"

"Kichwa?" mzee akacheka. "Mwanangu, sisi watu wa ziwani kichwa tulikuwa tunatupa. Hicho ni cha paka."

Kimya kikaingia, na Mzee Kilian, mzoefu wa kusimulia, alitambua kwamba hiki siyo kile kimya cha watu wanaongoja kucheka. Eliza alisimama, akaingia ndani, akatoka na ungo uliofunikwa kwa kitambaa. Akauweka mezani, akafunua. Vichwa vitatu vya mbasa, udongo umeshika kwenye matundu ya macho.

"Nimevikuta kwenye ngoro ya ukingoni," alisema, sauti yake ile ile ya kila siku. "Mwalimu, mimi nimezaliwa Lundo. Kwetu mtu akitupa kichwa cha mbasa anaulizwa kama anaumwa. Huyu mtoto nimemlisha vichwa tangu ana meno mawili. Akipewa samaki anaanzia kwenye jicho. Aliyekula hawa alianzia mkiani, akaogopa kichwa. Ni mtu wa huku juu."

Mzee Kilian akasema huenda ni fungo. Mafungo ya mwaka huu ni makubwa, aliona moja limebeba mbuzi.

"Fungo gani anafunga mlango akitoka?" Eliza akauliza. Akatoa kipande cha kamba ya mlango kwenye kanga, akakiweka kando ya ungo. Fundo lilikuwa bado limo: lile la kufungia magunia ya kahawa, la mizunguko miwili na kitanzi, ambalo mzee mwenyewe aliwafundisha vijana wote wa Mbuji kwa miaka thelathini akijisifu kwamba hakuna mwingine analijua vizuri. "Na mkono wa kushoto umelifunga kwa vidole vinne. Kitanzi kimelalia kushoto."

Katekista Elias alifunga daftari. Stephano hakumtazama mzee kabisa. Alikuwa anatazama miguu ya binti yake. Akainuka, akarudi na kopo la mafuta ya kupaka, akapiga goti chini, akaanza kuupaka ule mstari, taratibu. Aurelia akaweka mkono juu ya kichwa cha baba yake, kama mtu mzima.

Hapo ndipo Mzee Kilian, ambaye kwa miaka sita alikuwa na la kusema juu ya kila kilichotokea kwenye nyumba ile, alipokosa neno. Alitafuta. Alipata moja.

"Ni mimi," alisema.

"Mwambie yeye," Eliza akasema.

Kumwambia mtoto wa miaka kumi aliyekaa kwenye kigoda ni safari ndefu kuliko ya kwenda Malawi kwa kuvutwa na samaki. Alimwambia. Alisema hakuona mdomo, hakuona ukosi, wala nzi. Aurelia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hata mmoja?"

"Hata nzi mmoja," mzee akajibu.

Alingoja kelele. Stephano angempigia kelele, na kelele angeziweza. Angezigeuza hadithi kabla ya Jumatatu. Lakini Eliza hakupiga kelele. Alimwambia Jumamosi ashuke Lundo yeye mwenyewe, amtafute Henry, amweleze samaki watatu wamekwenda wapi na nani alisingiziwa, arudi na watatu wengine kabla jua halijazama. Nauli atajua mwenyewe. Ndipo mzee alipokielewa kile kikombe cha chai, na ule mtungi.

Alishuka. Na kwa kuwa haya yote ni kweli, lazima lisemwe na hili: ilikuwa mara yake ya kwanza. Miaka sabini na moja, na ziwa alikuwa analiona kutoka milimani tu, siku zisizo na ukungu. Alisimama mchangani Lundo na viatu vyake vya kanisani, wimbi dogo likaja, akarudi nyuma hatua tatu. Henry, mtu mpana anayeshona nyavu, alimsikiliza maelezo yote bila kuacha kushona, kisha akamuuliza kidole kilikwenda wapi. Mzee Kilian akatazama maji. Akasema kililiwa na mashine ya kumenya kahawa, Mbuji, siku ambayo yeye alikuwa anamsimulia mtu hadithi badala ya kutazama mkono. Wavuvi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakampa mbasa watatu, na Henry akasema hao ni wakubwa, wana vichwa vizuri.

Jumapili Aurelia alipanda altareni. Gauni lilikuwa refu kidogo, likaufunika mstari. Mzee Kilian alikaa benchi la nyuma, karibu na mkewe Bi Winifrida aliyerudi jioni ya jana yake na kuhadithiwa kila kitu njiani, mara nne, na watu wanne tofauti.

Kwenye sherehe meza zilijaa. Mzee alipangiwa pa kukaa, katikati, mahali ambapo kila mtu anamwona, na Bi Winifrida akawekewa kiti mbele yake. Kilikuwa kile kile cha kukunja cha mumewe, kimevushwa ua. Kisha Aurelia akaja na gauni lake jeupe, amebeba sahani kwa mikono miwili, akapiga goti. Vichwa vitatu vya mbasa.

"Karibu, babu. Tunaanzia kwenye jicho."

Stephano akatangaza kwa sauti ile ya milimani kwamba watu wote wanyamaze, babu anakula. Mzee Kilian akaanza. Alikula shavu, akakuta ni tamu, akachukia kukuta ni tamu. Alifyonza mifupa. Alikula cha kwanza, cha pili, akafika cha tatu, jasho linamtoka, akasukuma sahani mbele akisema sasa ameshiba, ashukuriwe mpishi.

Aurelia akainama, akakagua sahani kwa makini kama mama yake anavyokagua mtungi.

"Bado jicho moja, babu," alisema, na hakuondoka.

Akalila.